Nani Alimwambia Mama Abonyeze "Ghairi"?

Ndugu msomaji, utanisamehe nisipoanza kwa salamu ndefu. Nina hasira, na hasira hii ina mwezi wa tatu sasa. Mama yangu, mkazi wa Nkoaranga, huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, muuza ndizi na maparachichi katika soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi, amepoteza shilingi 85,000. Hakuibiwa. Hakupigiwa simu na wale vijana wanaojifanya wanatoka makao makuu. Amepotezewa na neno moja. Neno lenyewe ni la Kiswahili, tena sanifu, halina kosa la tahajia, na kamusi yoyote utakayoifungua utalikuta limekaa mahali pake. Neno hilo ni "ghairi".

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa anatuma ada ya mjukuu wake. Zamani angeshuka hadi kwa wakala na kitochi chake, akamaliza. Lakini kaka yangu, kwa nia njema kabisa, alimnunulia simu ya kupangusa na kumwekea programu ya kutumia pesa ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Mama akaandika namba, akaandika kiasi, akabonyeza kutuma. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Hapo ndipo alipoona kwamba tarakimu ya mwisho siyo: kaandika 6 badala ya 9. Mama ni mtu makini, si wa kupaparika. Akabonyeza mshale wa kurudi nyuma. Kioo kikamuuliza: "Je, ungependa kughairi muamala huu?" Chini yake vitufe viwili. Kushoto "Ghairi". Kulia "Sawa".

Sasa wewe niambie, ungebonyeza kipi? Usiharakishe kujibu, maana nimewauliza watu kadhaa swali hili, wakiwemo wenye shahada, na wengi wamekitazama kile kikaratasi nilichowachorea kama mtu anayetazama njia panda usiku.

Mama alibonyeza "Ghairi". Pesa ikaenda.

Kumbe kwa akili ya aliyeitengeneza programu ile, kitufe cha "Ghairi" maana yake ni kughairi kule kughairi! Yaani anayetaka kughairi asibonyeze "Ghairi", abonyeze "Sawa". Na anayebonyeza "Ghairi" ndiye aliyekubali pesa yake iondoke. Jamani! Hata mganga wa kienyeji akikupa masharti ya namna hii utamwona ni mhuni.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na sauti nzuri na adabu zote. Akaniambia kwamba aliyepokea zile pesa ameshazitoa, na kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha mteja alithibitisha mwenyewe. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba watu wazima wengi hukosea kubonyeza, na kwamba wao hushauri wasaidiwe na vijana wao nyumbani. Basi. Pesa za majuma mawili ya soko zimekwenda, na juu yake mama amepewa cheti cha ujinga.

Hapo ndipo ninapotaka tugombane.

Mama yangu ni Mmeru. Kimeru ndicho alichonyonya. Kiswahili alikipata shuleni, sokoni, na zaidi ya kote kanisani, maana Nkoaranga ni kijiji cha Walutheri tangu wamisionari wa Kijerumani walipoweka misheni yao hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Neno "ghairi" hakulisikia kwanza kwenye simu. Alilisikia katika habari za Yona, pale Mungu alipoona watu wa Ninawi wametubu akaghairi lile baya alilokusudia kuwatenda. Kwa mama, kughairi ni jambo zito: uliyekuwa umedhamiria unabadili nia, na lile ulilodhamiria halitendeki. Ninawi haikuangamizwa. Basi alipoliona neno hilo chini ya kidole chake alilibonyeza kwa imani kamili. Alilijua neno lile kwa undani kuliko aliyeliandika. Aliyeliandika alijua tu kwamba kwenye Kiingereza pale pameandikwa "Cancel".

Naomba nikiri. Mimi ninamjua aliyeliandika. Si kwa jina, bali kwa kazi, maana nami nimewahi kuifanya. Miaka miwili nilikula mkate wa kutafsiri maneno ya programu, nikiwa nimekaa kwenye chumba kimoja cha kupanga mjini Arusha. Kazi yenyewe iko hivi: unaletewa jedwali lenye safu mbili. Safu ya kushoto ina Kiingereza, ya kulia iko tupu. Unalipwa kwa neno. Hakuna picha ya kioo, hakuna maelezo, hujui neno hili litakaa juu ya kitufe, au kwenye kichwa cha ukurasa, au kwenye onyo. Mistari 2,000, na wanaitaka Ijumaa. Nimewahi kukutana na neno "Order" peke yake kwenye mstari, uchi kama lilivyozaliwa. Nikaandika "Amri". Baadaye sana nikaja kujua ilikuwa programu ya kuagizia chakula. Kuna mtu mahali fulani alitaka chipsi mayai akaambiwa abonyeze "Amri". Na "Ghairi" nimeiandika mara ngapi? Sikumbuki. Niliinakili tu kutoka mstari wa juu kwenda wa chini, nikihesabu senti.

Kwa hiyo nisitafsiriwe kama mtu anayewarushia wenzake mawe kutoka mbali. Ninarusha nikiwa nimesimama katikati yao.

Kosa letu ni kudhani kwamba neno la kwenye kitufe ni tafsiri. La hasha! Neno la kwenye kitufe ni ahadi. Linamwambia mtu: ukigusa hapa, litatokea hili. Kamusi haiwezi kukuambia kama ahadi hiyo ni ya kweli, kwa sababu kamusi haijui kitatokea nini. "Ghairi" ni neno zuri. Likikaa pweke chini ya fomu ya kujaza jina, halina ubaya. Likiwekwa chini ya swali linaloanza na "Je, ungependa kughairi", linageuka mtego. Neno lile lile! Na mtego huu si wa Kiswahili peke yake. Waingereza wenyewe wanatumbukia ndani yake kila siku, maana sentensi hiyo imetafsiriwa ikiwa na ugonjwa wake. Sisi tumepokea ugonjwa, tukausafishia tahajia, tukauweka mezani.

Tuje kwenye "Sawa". Hili ndilo linaloniudhi hata kuliko lile la kwanza. Kioo kinaandika: "Samahani, muamala wako haukufanikiwa." Chini kuna kitufe kimoja tu, hakuna kingine: "Sawa". Nimemwona mama kwa macho yangu akikiambia kioo, "Siyo sawa!" na kukataa kubonyeza. Alikaa na simu mkononi mpaka ikajizima. Mnacheka? Mimi naona alikuwa na haki. Katika Kiswahili chetu "sawa" ni kukubali. Mtu akikuletea habari mbaya, halafu akakushurutisha useme "sawa" ndipo akuachie mlango, huyo amekudhulumu mara mbili. Ile "OK" ya Kiingereza imechakaa, imebaki mlio tu, lakini "sawa" bado ni neno hai. Kulikuwa na shida gani kuandika "Nimeona"? Au "Funga"? Herufi ni zile zile chache.

Halafu "Weka namba ya siri". Wengi wetu tumeshaizoea, hatuisikii tena. Lakini mwambie mtu anayeiona mara ya kwanza. Kuweka siri ni nini kwa Kiswahili? Ni kutokusema, kuficha. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye heshima zake, aliposoma hivyo aliitikia, "Nimeiweka," na kweli alikuwa ameiweka, kwenye bahasha, ndani ya kabati. Akangoja. Simu nayo ikangoja. "Andika namba yako ya siri" ingewaondolea wote wawili kungojana huko.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kusikia likijadiliwa na wataalamu wetu, ingawa mtoto wa darasa la tatu angeliona. Kwenye kioo kimoja kumeandikwa "Weka namba ya siri", na chini yake "Tuma". Maneno yote mawili ni amri. Lakini nani anamwamuru nani? La kwanza, simu inamwamuru mama. La pili, mama anaiamuru simu. Umbo ni moja, wenye kuamuru ni wawili. Sisi tuliokulia kwenye kompyuta tunabadilisha kiti bila kujua. Mtu mzima aliyezoea kwamba anayesema naye ni mmoja hawezi kujua ni lini yeye ndiye bwana na ni lini ni mtumishi. Nimewahi kuulizwa na mama, "Sasa hapa inaniambia nitume, au inasema itatuma yenyewe?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Bonyeza tu, Mama." Ndivyo tunavyowajibu wote. Bonyeza tu.

Nisieleweke vibaya. Simo katika lile kundi la wanaosema Kiswahili hakiwezi kompyuta, tubaki na Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili kwenye menyu zake. Microsoft nao wakaweka Kiswahili kwenye Windows na Office katikati ya miaka ile ile ya 2000. Mwaka 2009 Facebook ikaja kwa Kiswahili. Pesa za simu, zilizoanza Kenya 2007 na hapa kwetu 2008, ndizo zilizoingiza menyu ya Kiswahili hadi kwenye mifuko ya wauza ndizi. Waliofanya kazi hiyo mwanzoni walikuwa hawana njia mbele yao, walifyeka pori. Nawavulia kofia.

Tena maneno mengine yalitua vizuri kupita kiasi. "Salio"! Nani asiyeijua salio? Kilichosalia. Mama hakufundishwa na mtu, alisoma akaelewa, na siku hizi analitumia hata kwa ugoro wa bibi. "Kifurushi" vile vile. Na wale wanaodai kwamba kila neno geni linamtisha mwananchi, nao wakae chini kidogo, maana "muamala" lilikuwa geni kabisa huku kwetu. Ni neno la Kiarabu, la wanazuoni na wafanyabiashara. Leo Mlutheri wa Nkoaranga anakuambia "muamala umekwama" kana kwamba alizaliwa nalo. Alijifunza kwa sababu kila lilipokuja, lilikuja na pesa, na daima lilikuwa na maana ile ile. Linganisha na hili la neno la kufungulia: huku "nywila", kule "nenosiri", pengine "neno la siri", yote kwa kitu kimoja. Matokeo yake watu wanasema "paswedi", na wana haki. Ugeni si kosa. Kigeugeu ndicho kosa.

Wala si kila neno la mtaani lifae. Mtaani tunasema "nirushie elfu kumi". Hakuna anayesema "nitumie muamala". Je, kitufe kiandikwe "Rusha"? Mimi nasema hapana, kwa sababu mtaa huo huo ukisema "jamaa kanirusha" maana yake katapeli. Kitufe chenye neno hilo kitakuwa kinasema ukweli mwingi kuliko kampuni inavyotaka.

Utajiri tunao, hatuuchimbi. Hebu tazama jinsi lugha hii inavyojua kurudisha jambo nyuma. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Mwisho wa neno unabadilika, na tendo linarudi lilikotoka. Ndiyo maana yule aliyetunga "tendua", kwa kitufe cha kurudisha ulichofanya, alifanya kazi ya fundi. Hata asiyewahi kulisikia anaweza kulihisi. Na kama "tendua" ni jipya mno kwako, lipo "tengua", ambalo Mtanzania yeyote anayesikiliza taarifa ya habari analijua barabara. Tukisikia uteuzi wa mheshimiwa fulani umetenguliwa, hakuna anayeuliza kama Jumatatu ataingia ofisini. Neno lenye uhakika wa namna hiyo tunalo, tunalisikia redioni, halafu kwenye kitufe cha pesa za mama tunaweka fumbo.

Sasa nigeukie kwenu, wenzangu mnaoandika na kusoma kurasa hizi. Najua simu zenu ziko kwa Kiingereza zote. Nimeziona. Mkionyeshwa simu ya Kiswahili mnaichekea, mnasoma maneno yake kwa sauti ya kejeli, kisha mnarudi kwenye mashairi yenu ya kuitukuza lugha. Kila Julai 7, tangu 2022, tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa fulana na ngonjera, na BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya 1967, hutupa hotuba. Sina ugomvi na fulana. Lakini niambieni, ni shairi gani la mwenzetu yeyote humu litakalosomwa na mama yangu mara tano kwa siku, kwa makini, huku akijua kwamba akilielewa vibaya mjukuu harudi shule? Neno moja la kitufe linasomwa hivyo. Na tumeliacha kwa mtu anayelipwa kwa neno, asiyeona kioo, anayetakiwa amalize Ijumaa. Tunajiita watu wa maneno. Maneno yapi?

Mtanijibu kwamba kampuni hazitawasikiliza washairi. Inawezekana. Mimi nilipokuwa kwenye jedwali langu niliwahi kuuliza mara moja, "Neno hili linakaa wapi?" Nikajibiwa nisicheleweshe kazi. Sikuuliza tena. Ile mara ya pili ambayo sikuuliza ndiyo ninayoitolea ushuhuda hapa.

Wiki iliyopita nilipanda kwenda nyumbani. Nilikata kipande cha boksi ukubwa wa simu, nikachora kioo, nikaandika swali upya: "Pesa bado haijaenda. Unataka iende?" Chini nikachora vitufe viwili, "Tuma" na "Usitume". Nikajiona nimefika. Nikampa mama, tukiwa tumekaa nje, yeye anachambua maharage.

Akavaa miwani. Akasoma polepole kwa midomo.

"Hii 'Usitume' nani anasema?"

"Wewe, Mama. Unaiambia simu."

"Mbona kama yenyewe ndiyo inanikataza?" Akaninyooshea boksi. "Mwanangu, mimi ndiye ninayejibu. Kaniuliza, namjibu. Andika ninavyosema."

"Unasemaje?"

"Kama sitaki, nasema *situmi*. Nikitaka, *natuma*. Basi."

Nilibaki na kalamu hewani. "Natuma." "Situmi." Maneno mawili mafupi, yanaenea kwenye kitufe chochote hata cha kitochi, hayawezi kuchanganywa, na ndani ya kila moja yupo mwenye pesa mwenyewe, ile "na" na ile "si" ya mwanzo, ambazo Kiingereza kingehitaji sentensi nzima kuzileta. Miaka miwili kwenye jedwali sikuwahi kuyafikiria. Nikafuta, nikaandika alivyosema. Akaweka kidole juu ya "Situmi", akabonyeza boksi kwa nguvu, akanitazama juu ya miwani.

"Haya. Imebaki?"

"Imebaki, Mama."

"Ndiyo walivyotakiwa kufanya," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Kile kipande cha boksi ninacho kwenye mkoba. Jumatatu nashuka nacho mjini, kwenye ofisi ya ile kampuni, na nitakaa kwenye benchi lao mpaka atoke mtu wa kukibonyeza.